Tulipojifungia Benki

Ile benki ya zamani hapa mjini imepigwa alama ya X nyekundu, ya kubomolewa. Nilipoiona nikasimama katikati ya barabara. Vijana wa bodaboda wakacheka.

"Bibi, kwani una akiba humo?"

"Ninayo," nikamjibu aliyeuliza. "Mama yako."

Sikumtania. Mama yake alikuwa mtoto wa mgongoni siku koo zetu mbili zilipopigania ng'ombe walioibwa. Mishale ilipita sokoni. Meneja, mgeni wa mkoa mwingine, akatusukuma wanawake na watoto kwenye chumba cha kuwekea fedha, akatuambia tukaze komeo kwa ndani. Macho yalipozoea giza ndipo tukatazamana. Kumbe tumo wa koo zote mbili! Waume wanauana nje, sisi magoti yanagusana.

Mlango ukagongwa. Mwanaume akaita, "Mke wangu, fungua!"

Mkewe alikuwa ubavuni mwangu, wa ukoo ule mwingine. Akifungua anapona yeye, sisi tunakwisha. Nikamshika mkono. Hakuitika. Akampa mtoto wake ziwa, akaninong'oneza, "Na wako mpe, asilie." Tukanyonyesha mpaka kelele zikahama.

Wiki iliyopita akaja afisa wa halmashauri, kijana wa mbali huko.

"Shikamoo bibi. Jengo hili halina thamani. Bati limeoza, popo tupu."

"Marahaba. Ingia uione thamani."

Tukaingia chumba kile. Akauvuta ule mlango wa chuma kuujaribu. Giza likatumeza, nami nikapiga yowe, mimi niliyezaa watoto wangu wote bila kutoa sauti! Akafungua haraka, jasho linamtiririka. Nikamsimulia siku ile ya mishale.

"Mlikaa humu?"

"Na watoto."

Akasema atawaeleza wakubwa, ila kufuta alama si kazi yake. Tingatinga limeshaegeshwa nyuma ya soko. Na juzi ng'ombe wa jirani wameibwa. Vijana wale wale waliokuwa wanacheka sasa wananoa mapanga, wala hawanisalimii.

Basi jana nikawachukua wake zao, wa koo zote mbili, nikawapeleka mle ndani kuwafundisha kulisukuma lile komeo. Lina kutu, linataka watu wawili. Mmoja, mwenye mimba, akaniuliza, "Bibi, wakibomoa kabla ya vita kuanza, tutakimbilia wapi?"

Nikamfokea asukume kwanza.