Misumari Minne kwenye Dirisha la Chatu

Mimi ni fundi wa cherehani, kibanda changu kiko sokoni Nyamache. Nyoka na mimi wapi na wapi? Lakini mdogo wangu alipokufa mwaka juzi aliacha vitu vitatu: jaketi, Biblia aliyopewa shuleni, na chatu ndani ya sanduku la kioo. Jaketi alilichukua mjomba. Biblia mama aliiweka chini ya mto wake. Chatu akabaki wangu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyemtaka, na kwa sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu.

Mdogo wangu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye bustani ya nyoka huko Pwani. Alirudi nyumbani na chatu na kibali chake kilichopigwa muhuri, akatengeneza sanduku kwa mikono yake, akaliweka kwenye chumba chake cha nyuma. Mama aliapa hawezi kulala chini ya paa moja na nyoka. Akalala. Mama Msabato atafanya nini mbele ya kitinda mimba wake?

Alinifundisha kwamba chatu anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike. Kinachommaliza ni hewa. Balbu ya kumpa joto inakausha hewa ya sanduku, na hewa ikikauka ngozi ya zamani haitoki yote, inabaki vipande vipande, hata juu ya jicho. Kwa hiyo unanyunyiza maji huku ukitazama kipimo cha unyevu kwenye kioo. Aliniandikia karatasi akaibandika ukutani: "Nyunyiza asubuhi na jioni. Mshale usishuke chini ya sitini." Ilikuwa Januari, jua limechoma hata migomba, na yeye alikuwa anasafiri wiki moja.

Mvua za masika zilipoanza, akaanza kukohoa. Jioni moja nilimkuta amejifunika blanketi mbili. "Dada," akaniambia, "upepo wa hilo dirisha utatumaliza, mimi na huyu mwenzangu." Nikachukua nyundo. Nilipiga misumari minne, nikabandika na nailoni juu yake, nikajiona mtu wa maana. Wiki tatu baadaye alikuwa hospitali huko Kisii mjini, pumzi inapiga mluzi kifuani. Daktari alisema ni nimonia. Mama alisema ni nyoka. Majirani walisema yao. Mimi nilinyamaza, kwa sababu siku niliyoingia kutafuta nguo za kumzika niliona ukuta wa upande wa kitanda, chini ya dirisha nililolipigilia, umeota ukungu mweusi, mpaka pale alipokuwa akiweka kichwa.

Wazee wa kanisa walikuja kwa upole wakashauri nyoka achomwe moto. Nikawaambia watanichoma naye. Nilikuwa na hasira na dunia nzima wakati ule, na nilijua kitu kimoja tu: huyu hafi mikononi mwangu.

Karatasi ile niliifuata kama amri kumi. Asubuhi nanyunyiza, nikitoka sokoni nanyunyiza. Mama aliogopa matundu ya hewa ubavuni mwa sanduku, kwamba nyoka atapitia pale amfuate kitandani, basi nikayaziba kwa vitambaa vilivyobaki vya sare za shule. Dirisha sikuligusa. Chumba tulikiacha kama alivyokiacha. Kioo kikawa kinatoka jasho, makumbi ya nazi aliyomtandikia nyoka chini yakalowa na kunuka, mshale ukasimama tisini. Na mimi nimefurahi! Ndugu yangu alitaka sitini, mimi nampa tisini. Haikunijia hata kidogo kwamba karatasi ya Januari haisomwi mwezi wa nne, mvua ikinyesha kila siku saa tisa. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nimejaliwa wawili.

Jumamosi moja ya masika ya mwaka jana tulirudi kanisani tumelowa chapachapa. Mama alikuwa mbele. Akasimama kwenye korido, viatu mkononi.

"Unasikia?"

Nilisikia. Nyuma ya mlango wa mdogo wangu kulikuwa na mluzi mwembamba, unakatika, unaanza tena, kama mtu anapuliza bua la mpapai. Ulikuwa ule ule wa hospitali. Mama alimwita mwanawe kwa jina, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto aende shule. Mluzi ukaendelea.

Tangu mazishi mama hakuwa amekanyaga chumba kile. Aliufungua mlango. Chatu alikuwa ameinua kichwa juu kabisa, mdomo wazi, povu puani. Nikajua nimeua wa pili.

"Huyu anazama," mama alisema. "Lete nyundo."

Mama yangu siku ya Sabato hashiki hata ufagio. Siku hiyo alipanda kwenye kitanda na gauni lake la kanisani, akairarua nailoni, akang'oa misumari mmoja mmoja. Wa tatu ulikuwa umepinda. Akaugeuza kiganjani.

"Yeye hakuwahi kupindisha msumari," akasema.

"Ni mimi, mama. Aliniomba."

"Najua. Nilikuwa jikoni, nilisikia nyundo." Alikuwa hanitazami. "Nikasema, afadhali, mtoto wangu atapata joto."

Tulilia tukifanya kazi. Tulibeba sanduku hadi sebuleni, tukazibua matundu, tukazoa makumbi mabichi kwa mikono, tukatandika majani makavu ya mgomba. Jumapili akaja daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe, akapiga simu Pwani kuuliza kipimo cha dawa kabla hajamchoma sindano. Alisema tunyunyize mshale ukishuka tu, na hewa ipite. Wiki ya tatu mluzi ulikoma. Baadaye chatu akavua ngozi nzima, kutoka mdomoni mpaka mkiani. Mama aliiinua kwenye mwanga, akatafuta mahali pa macho, akayaona yote mawili.

Sasa sanduku liko sebuleni chini ya kalenda. Wageni wetu hukaa karibu na mlango. Mama huvaa miwani kusoma kipimo: "Hamsini na nane, mpe maji kidogo." Huwezi kuamini ni yule yule.

Lakini chumba cha nyuma kinapiga mluzi bado. Mvua ikianza nausikia, na ndani hamna nyoka wala mtu. Najua mama naye anausikia, kwa sababu mkono wake husimama juu ya mboga anayokata. Dirisha liko wazi tangu siku ile. Mvua inaingia, inalowesha godoro la mdogo wangu, na hakuna kati yetu anayeinuka kwenda kulifunga.