Daftari la Kakao na Harufu ya Kimpumu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa masanduku kumi ya mbao yaliyojaa kakao, na hakuna aliyejua yamejazwa lini. Mtangulizi wangu alikuwa ameacha kazi jana yake, akaondoka na kila kitu kichwani. Kampuni ilikuwa changa, watu sita tu, hapo kijijini Talatala. Tulinunua kakao mbichi kwa wakulima, tukaichachusha chini ya majani ya migomba, kisha tukaianika. Kuchachusha ndiko kunakoipa kakao ladha. Ukichelewa kuzigeuza punje, zinaoza.

Nilijifunza kwa kuharibu. Nilipojua, nikanyamaza. Wakijua wote, mzee wa nini? Kijana akiniuliza tugeuze lini, nilimjibu, "Utaona tu." Asipoona, namgombeza. Msimu mmoja waliacha kazi wanne, nami nikatangaza kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu.

Meneja, binti wa rika la kitinda mimba wangu, alinijia na daftari jipya.

"Mzee, hawa hawakimbii kazi. Wanakimbia kugombezwa kwa jambo ambalo hawakufundishwa. Akiondoka mmoja tena, tunafunga. Andika."

Niliandika shingo upande: *Geuza ikinukia kimpumu ya siku ya pili.* Nikaona nimemaliza elimu yote.

Mfanyakazi mpya, Atupele, alikuwa mwanakwaya, hajawahi kuikaribia kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi. Lakini alikuwa mtu wa kutii maandishi. Jumamosi akaenda kilabuni, akainama juu ya chungu, akanusa. Akanusa na cha pili. Mzee mmoja wa kanisa akamwona. Yeye alifuata nini pale, hatukuambiwa.

Jumatatu Atupele alileta barua ya kuacha kazi.

"Ndaga, asante kwa yote, baba, ila nimesimamishwa kwaya kwa ajili ya daftari lako."

Nilishikwa na aibu. Nilichota kakao kwenye ndoo, nikaenda nayo kwenye baraza la wazee wa kanisa. Nilieleza, wakanitazama kama mlevi. Nikaifunua ndoo, nikaomba wanuse wenyewe. Ilipita mkono kwa mkono mpaka kwa yule mzee aliyemshtaki. Alivuta pumzi, akatikisa kichwa.

"Hii bado," alisema. "Mpaka kesho mchana."

Mchungaji akamtazama. Wazee wengine wakatazama viatu vyao. Shauri likaishia hapo, Atupele akarudishwa kwaya, na ile barua akaichana mwenyewe.

Wiki nzima nilisimama naye penye masanduku, nikimweleza kila nilichokuwa nimekificha: joto la kupima kwa kiganja, rangi ya punje iliyokatwa, mvua inavyochelewesha mambo. Aliyaandika kwa maneno ya watu wasiokunywa. Tangu hapo hakuacha kazi mtu mpaka nilipostaafu mimi.

Baada ya kustaafu nilitembea na simu hata shambani kwenye mpunga, nikisubiri wakwame. Wiki ya tatu nikapiga mwenyewe.

"Hamjakwama popote?"

"Hapana, baba," alijibu Atupele. "Ulituachia yote. Ndaga fijo, asante sana."

Nilikata simu moyo wangu umejaa furaha, kisha nikanuna mpaka jioni.