Daktari Aliniuliza Nimelalaje, Mume Akaona Ni Hawara

Admin, nifichie jina tafadhali, wifi yangu yumo humu na hakosi kusoma. Mimi ni mama wa miaka ishirini na nne, nimeolewa, nina binti wa miezi saba. Nimeishia kidato cha nne, nauza madera kwenye fremu ya mtu Kariakoo. Nikikosea kuandika mnivumilie, nimechoka.

Tangu nijifungue usingizi ulinikimbia. Sisemi ule wa kuamshwa na mtoto. Mtoto amelala fofofo, mimi nakodolea dari mpaka adhana. Mchana nakunja nguo dukani huku nalia, mteja akiuliza bei nafuta machozi na dera lenyewe. Kuna siku nilimwangalia mwanangu nikaona kama ni wa jirani, nimepewa nimshikie tu. Niliogopa sana.

Siku ya kumpima uzito kliniki nikakutana na daktari mtafiti. Anachunguza usingizi na sonona kwa kina mama wenye watoto wachanga. Anataka kujua kipi kinatangulia, kukosa usingizi ndiko kunaleta sonona, au sonona ndiyo inafukuza usingizi. Nikamwambia, "Dokta, kwangu vimekuja mapacha." Akacheka. Akanipa saa ya mkononi inayopima usingizi, na kila asubuhi ananitumia ujumbe kuuliza nimelalaje, namjibu. Jamani, watu wote huuliza mtoto kalalaje. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza mimi.

Mume sikumwambia, kwao habari za akili hazitajwi. Namba nikaisevu "Saa".

Wiki iliyopita nikiwa naoga akashika simu yangu. Akakuta, "Habari za asubuhi, jana umelalaje?" Na jibu langu, "Sijalala, mawazo tu. Asante kwa kunijali." Natoka bafuni, yuko kitandani na simu mkononi.

"Kwa hiyo huyu Saa ndiye anayejua mke wangu anavyolala? Na saa kakununulia?"

Nikamwambia ukweli wote, nikamwonyesha na karatasi ya utafiti niliyosaini. Nilidhani atashusha pumzi. Alipofika kwenye neno sonona akaiweka karatasi chini. Kisha akambeba mtoto. "Kumbe mwanangu namwachia chizi." Akampeleka kwa mama yake Magomeni.

Kesho yake nikawafuata. "Shikamoo mama." Hakuitikia. Wifi, mtoto kambeba mgongoni, akasema, "Haya, saa inasemaje leo, tukae au tukimbie?" Wakacheka. Mwanangu kunisikia tu akaanza kulia, na maziwa yakanitoka mpaka gauni likalowa. Hawakunipa nimnyonyeshe.

Mama mkwe akanivuta uani. "Nisikilize mwanangu. Jumamosi wazee wanakaa. Wao wanajua ni mambo ya mwanaume, basi waache wajue hivyohivyo. Utapiga magoti, utasema shetani alikupitia, mumeo atakusamehe, utaondoka na mtoto wako. Na huyo daktari usimjibu tena."

"Mama, mimi sijawahi kutembea na mtu."

"Najua." Alisema hivyohivyo, bila kupepesa macho. "Lakini wifi yako anachumbiwa. Malaya anaacha. Chizi anazaa machizi. Ukitamka sonona mbele ya wazee, huyu mtoto utamwona kwenye picha."

Nilimpigia daktari. Akasema kujitoa kwenye utafiti ni haki yangu, lakini sonona inatibika na anaomba nianze matibabu mapema. Yuko tayari kuja kuongea na familia nikimruhusu. Nimeshindwa kumjibu, maana akija tu, wote watajua.

Jumamosi ni kesho kutwa. Baba yangu ameshapanda basi kutoka Lindi kuja kusikia binti yake kafanya nini. Maziwa nakamulia kwenye kikombe, namwaga. Nikisema ukweli mtoto sina. Nikisema uongo nampata, ila baba anarudi nyumbani akijua amezaa malaya, na mimi narudi chumbani kukodolea dari bila wa kunitibu. Halafu nikizidiwa, huyo mtoto atalelewa na nani?

Msiniambie nisali, nasali. Msiniambie nivumilie, hilo ninalo. Nishaurini kitu kimoja tu ndugu zangu. Wazee wakishakaa, baba yangu yuko mbele yangu na mwanangu yuko kwa wifi, nikifungua mdomo niseme nini?