Shikamoo Mwalimu, Chenji Yako

Mtu aliyekuwa anashika kadi yangu ya benki nilimfundisha mwenyewe, darasa la nne, kutoa na kugawanya. Siku hizi ana duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Kahama, si mbali na stendi, lakini kila mwalimu mjini anajua kwamba kopi si kazi yake. Kazi yake ni kukopesha. Ukitaka pesa ya haraka unamwachia kadi na namba ya siri, anakuhesabia noti hapo hapo, unaondoka. Chini ya meza ana boksi la viatu, na humo kadi zimepangwa kwa mafungu, kila shule imefungwa na mpira wake. Siku ya kwanza nilipoliona lile boksi nilijisikia nafuu. Nikasema, kumbe tuko wengi.

Mshahara ukiingia tulikutana kwenye mashine ya benki. Yeye mbele na boksi lake, sisi pembeni, watu wazima na mikoba yetu, tunajifanya tunasubiri gari. Anaingiza kadi, anatoa pesa yote, anakata ya kwake, inayobaki anakukabidhi kwa mikono miwili. Adabu anayo, siwezi kumsingizia. "Shikamoo mwalimu. Chenji yako hii." Nami naitikia, "Marahaba." Kila mwezi, mwaka mmoja na nusu. Mshahara wangu ukaitwa chenji, na mimi nikaitikia marahaba.

Niseme nilivyofika pale, ingawa naona aibu hata leo. Mdogo wangu wa kiume anachimba dhahabu upande wa Geita. Alikuja nyumbani siku moja, akatoa jiwe kwenye leso, akalilamba, akanigeuzia juani. "Dada, unaona linavyometa?" Mimi sikuona kitu, nikasema naona. Yeye na wenzake walikuwa na duara, yaani shimo lao la kuchimbia, na zilibaki mita mbili tu waufikie mwamba wenye mali. Walichokosa ni pesa ya chakula na mafuta ya pampu ya kuvuta maji. Duara likitema dhahabu, fungu langu la mawe lipo. Jamani, nani amekulia huku akaweza kulikataa neno hilo? Kila mtu ana jirani aliyeamka maskini akalala tajiri. Wale walioamka maskini wakalala maskini zaidi hatuwasimulii, ni wengi mno.

Nikakopa milioni moja na nusu. Riba yake laki tatu kwa mwezi. Mshahara wangu, baada ya makato ya mkopo wa nyumba, unabaki laki nne na elfu tisini. Yule akichukua laki tatu zake, chenji ni laki moja na elfu tisini, ya kulisha watoto watatu na wakwe wawili niliorithi kwa marehemu mume wangu. Na deni lenyewe? Liko pale pale, halijapungua hata shilingi, maana laki tatu ni riba tu. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini matanga angalau yana siku ya kuanua.

Na duara nalo? Kila nikipiga simu zimebaki mita mbili. Loo! Mita gani hizo ambazo watu wanachimba mwaka mzima hawazimalizi? Ningekuwa nafundisha vipimo kwa mtindo huo ningeshafukuzwa kazi.

Yote hayo ningeyavumilia. Kilichoniumiza ni macho ya mama. Anaishi kwetu Kishapu, analima pamba yake na mtama wake, hapendi kukaa mjini. Alinipigia simu kwamba jicho la kulia limeingia ukungu, na sehemu anayoweza kuona inazidi kubana kila siku. Zahanati walimwandikia karatasi: huenda ni presha ya macho, aende hospitali kubwa haraka, asikae. Kwenye bima yangu nafasi zilikuwa zimejaa, watoto na wakwe, kwa hiyo ilikuwa lazima nilipe taslimu. Nikamwambia, "Mama, mshahara ukitoka nakuja kukuchukua."

"Haya mayu, wabeja," akajibu. Asante mama, ndivyo tunavyoshukuru sisi kwa lugha yetu.

Mshahara ulitoka. Ukatoka na mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Kila mara nilimtumia elfu kumi ya mboga na sababu mpya: mitihani, likizo imesogezwa, mtoto anaumwa. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini. Afadhali angefoka. Nilikuwa nikiona jina lake kwenye simu naiacha iite, mimi, mtoto aliyemzaa, namkimbia mama yangu kama watu wanavyomkimbia mdai.

Waliokuja kunizindua ni watoto wa watu. Darasa la saba, kipindi cha baada ya chai, mada ni riba. Nilikuwa nimechoka, sina mfano kichwani, nikaandika ubaoni wa kwanza uliokuja: mtu amekopa shilingi milioni moja na laki tano, riba asilimia ishirini kwa mwezi, naye hulipa laki tatu kila mwezi. Atamaliza deni baada ya muda gani? Nikakaa. Wakahesabu, wakafuta, wakahesabu. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, swali limekosewa. Huyu mtu hamalizi."

"Atamaliza akifa!" mwingine akadakia kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko. Halafu yule wa mbele, kwa upole kabisa, akauliza, "Mwalimu, kwani huyo mtu hajui hesabu?"

Nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata. Yule msichana nilimpa vema. Ningempa nini kingine?

Jumamosi hiyo hiyo nilifunua turubai nililokuwa nimefunika pikipiki ya marehemu. Sikuwa naiendesha wala siruhusu mtu aiguse. Ilikuwa pale ukutani tangu tumzike. Mnunuzi alitoka Kagongwa, akaipiga teke tairi, akasema imechoka. Nilitamani kumzaba kofi. Kuchoka anakujua yeye? Akatoa laki tisa. Nikaziweka kwenye mkoba, nikaenda moja kwa moja dukani kwa mwanafunzi wangu.

"Shikamoo mwalimu. Mbona leo si siku yetu?"

"Leo sikuja kuchukua chenji. Punguza deni lenyewe, laki tisa. Andika, na mimi nione unavyoandika."

"Mwalimu, haraka ya nini? Sisi ni watu wa siku zote."

"Andika."

Akaandika. Zikabaki laki sita. Riba ikashuka mpaka laki moja na elfu ishirini, lakini mimi nikamwambia aendelee kukata laki tatu zake zote, inayozidi riba iende kwenye deni. Nilikuwa nimeshajifunza kuishi kwa chenji. Sasa nilitaka kuishi kwa chenji kwa makusudi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kuishi kwa shida siyo sawa na kupanga. Mwaka na nusu nilikuwa na shida tu. Pesa ikifika nyumbani inaliwa na anayewahi kulia. Nikakumbuka mama alivyotutunza miaka ya njaa kwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Kwenye kihenge cha michembe hakuingiza mkono mtu mwingine. Asubuhi alichota bakuli moja, basi, hata aje mgeni gani. Mgeni akija sisi ndio tulipungukiwa, si kihenge. Tulimwona mkali sana. Kumbe alikuwa anahesabu miezi.

Basi nikaanza kugawa pesa nikiwa bado shuleni, ofisini kwa walimu, kwenye bahasha zilizotumika: unga, mchele, mkaa, nauli, wakwe. Bahasha ikiisha imeisha, tutakula kilichopo. Jumapili jioni naandika kwenye daftari kila kilichotoka, mpaka vocha, mpaka andazi. Watoto walininunia. Mwanangu wa mwisho alisema nyumba yetu imekuwa kama bweni.

Na ugali haukuwa sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni neno "sina". Maisha yangu yote mtu akiniomba mchango nilijibu "ngoja mshahara utoke," na jibu hilo ni deni, hata kama halina riba. Nilikuwa kwenye makundi manne ya michango kwenye simu: harusi mbili, kipaimara, na kumuaga mwalimu mkuu. Nikajitoa kwenye yote siku moja. Maneno yakafika ofisini kabla sijamaliza chai. Mwalimu siku hizi bahili. Mwalimu ana maringo, atazikwa na nani? Nikawaambia watakaonizika wasichangishane, wachimbe tu. Walicheka, lakini mimi sikuwa natania sana. Mdogo wangu naye akapiga, "Dada, safari hii ni kweli, mita mbili!" Nikasema sina. Akasubiri nieleze. Sikueleza. Salio lake likaisha, simu ikakatika, na nililia baadaye, maana ni mdogo wangu na yuko chini ya ardhi na nyundo.

Mwezi wa tatu tangu niuze pikipiki, deni likaisha. Akatafuta kadi yangu kwenye fungu la shule yetu, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Shikamoo mwalimu. Karibu tena." Sikumwitikia. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuacha shikamoo ya mtu hewani, Mungu anisamehe. Nilidhani ningefurahi siku hiyo. Nilifika nyumbani nikalala na viatu.

Mshahara wa kwanza niliotoa kwa mkono wangu, nikaenda Kishapu. Mama alitoka ndani akipapasa ukuta, akageuza kichwa upande kama kuku ili anione kwa jicho la kushoto. Nikampeleka hospitali kubwa. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alimpima kwa muda mrefu, akazima taa yake, akasema jicho la kulia limekwisha, haliwezi kurudi. La kushoto wataweza kulilinda kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yake yote. Halafu akaifunua karatasi ya zahanati, imekunjwa mpaka imechanika, akaangalia tarehe.

"Mwaka mzima! Mliandikiwa haraka. Mngekuja wakati ule, jicho hili lingekuwepo. Nani alikuwa anamwangalia huyu mama?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Ni mimi, daktari. Binti yangu alinisihi sana, nauli akatuma. Mimi ndiye niliyekataa. Naogopa hospitali."

Daktari akamgombeza, kwa upole lakini akamgombeza, kwamba uoga umemponza, kwamba watu wazima wanajikosesha macho kwa ukaidi. Mama akainamisha kichwa. "Ndiyo, mwanangu. Nimekosa." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na mkoba wake mkononi, pesa ya hospitali yote ninayo, kadi yangu ninayo. Daktari akaninyanyulia macho.

"Ni kweli, mama alikataa?"

Nikasema, "Ni kweli."