Mama Chujio na Vikombe Sitini na Vitatu

Saa tatu asubuhi, jua bado linajivuta nyuma ya ukungu, na Mama Chujio amekaa ndani ya hema katikati ya ua wake, miguu ameikunja, kikombe cha chai mkononi. Nje, mumewe amesimama juu ya kigoda akimmwagia maji kwa kopo la kumwagilia maua.

"Ongeza," sauti ya mke inatoka ndani.

Mume anaongeza. Maji yanakipiga kitambaa, yanateremka kwenye mishono, yanachuruzika mpaka kwenye majani. Jirani anayepita na baiskeli hageuzi hata shingo. Mtaa mzima umeshazoea kumwona mzee mwenye akili timamu akimmwagia mkewe maji asubuhi asubuhi, na mke akimshukuru.

Tone moja likiingia kwenye chai, hema linarudi kwenye cherehani. Hivyo ndivyo kazi inavyopimwa hapa. Hakuna mteja aliyewahi kukabidhiwa hema ambalo Mama Chujio hajamalizia kikombe chake ndani yake.

Baada ya dakika ishirini anatoka na kukigeuza kikombe juu chini, kuonyesha kwamba chai ameimaliza mwenyewe. Ana miaka hamsini na mmoja, mwili mdogo, na miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Miwani hiyo anasema ataitengeneza akipata nafasi. Mumewe anasema wimbo huo ameusikia kwa miaka mitatu.

Mji wao uko kaskazini, kati ya ziwa na vilima, mahali ambapo mvua na ukungu hupokezana zamu kama walinzi. Ungetegemea watu wa hapa wajifungie ndani. Wapi! Muuza dawa akifunga duka anachukua ndoano na kwenda ziwani. Karani wa benki, Jumamosi humpati, yuko juu ya baiskeli. Wengine hupanda kilima kikubwa na kulala huko kwa hiari yao, jambo ambalo mama mkwe wa Mama Chujio halielewi hadi leo. Mtu ana kitanda chake, anauliza bibi huyo, porini anakwenda kutafuta nini?

Anachokitafuta anakijua mwenyewe, lakini akirudi huwa na kitu kilichoharibika. Zipu zimeng'oka meno, soli ya buti imefumbua mdomo, mkoba wa mgongoni umekatika mkanda. Vyote huishia kwenye chumba cha mbele cha nyumba hii, penye cherehani ya miguu, makopo ya zipu zilizopangwa kwa urefu, na donge la nta lililochimbika mifereji kwa kupitishwa nyuzi.

Kuna pia mtungi uliojaa miswaki ya zamani, ambayo hupakia gundi kwenye mishono. Huletewa na daktari wa meno, mwenyekiti wa klabu ya wapanda vilima, ambaye huwaomba wagonjwa wake wasitupe.

Wiki ikiwa nzuri, fundi huyu hutengeneza vitu thelathini. Kazi hiyo, pamoja na mabomba aliyoyaziba mumewe kabla ya kustaafu ufundi bomba, imewasomesha binti zao wawili mpaka chuo. "Nyumba hii yote imejengwa na maji ya watu," mume hupenda kusema. "Mimi nayazuia yasitoke, mwenzangu anayazuia yasiingie."

Lakini jina la Mama Chujio halikutokana na sifa. Lilitokana na aibu, na yeye mwenyewe haoni haya kusimulia.

Miaka tisa iliyopita alikuwa mshonaji wa sare za shule. Daktari wa meno alimletea hema la klabu lililochanika, akauliza kama anaweza. Alijibu anaweza. Kitambaa ni kitambaa, alijiambia, na kiraka ni kiraka.

Akakishona kile kiraka kama alivyozoea kushona makalio ya kaptura za wanafunzi: kwa nje, mishono ya karibu karibu, mstari juu ya mstari. Kwenye sare, mishono ikizidi, nguo inadumu. Aliikagua kazi yake na kujipongeza, kwani ilikuwa imara kweli kweli.

"Nilijivunia ile mishono," anasema. "Kumbe kila sindano ikishuka, natoboa. Nilitoboa matundu mia nne na kumi na sita. Najua kwa sababu baadaye niliyahesabu, moja moja, nikilia."

Aliyelala ndani ya hema lile alikuwa mwanamke, mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari. Mvua ilinyesha kilimani, na maji yakampata mwalimu yule usingizini. Jumatatu alikuja na hema begani na kikohozi kifuani, akalitupa mlangoni mbele ya wateja wanne.

"Huyu si fundi," alisema mwalimu. "Huyu ni mama chujio."

Wateja wanne hutosha. Kufikia jioni jina lilikuwa sokoni, na kufikia Ijumaa hata waliokuwa hawajawahi kuona hema walikuwa wanalijua. Kwa miezi minane hakuna mtu wa klabu aliyekanyaga kwake. Wazazi wenye sare waliendelea kuja, lakini wakipokea nguo wanainyanyua kwenye mwanga kwanza, wanacheka. Yeye naye alicheka nao. Wakishaondoka alikuwa anafunga mlango na kukaa, mikono mapajani. Iliuma, na hakuna njia ya kulisema hilo kwa upole.

Siku moja mumewe alilichukua lile hema la aibu, akalisimamisha uani bila kuomba ruhusa, akamwambia mkewe aingie na chaki.

"Maji hayana chuki na mtu, mama watoto," alimwambia. "Yanatafuta njia tu. Wewe yafuate, yatakuonyesha."

Akaanza kumwaga. Mke akawa anaweka alama ya chaki kila tone lilipochungulia. Siku ile waliloana wote wawili, na mama mkwe aliyekuwa dirishani akaanza kuhofia afya ya mwanawe. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kufikia adhuhuri, mshonaji wa sare alikuwa amejifunza yale ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha.

Alijifunza kwamba hema hupenda mishono michache. Kwamba kiraka hukaa ndani, na kitambaa cha juu hulalia cha chini kama mabati ya paa. Kwamba uzi hupitishwa kwenye nta kabla haujaona sindano, na kila tundu hufungwa kwa gundi ya kuzibia pancha. Na akaweka sharti lake la chai, ambalo halijavunjwa tangu siku ile.

Wateja walirudi mmoja mmoja, wa kwanza akiwa daktari wa meno. Mwalimu wa jiografia hakurudi. Alikuwa akipita upande wa pili wa barabara, shingo imemnyooka. Mahema ya klabu, hata hivyo, yalizidi kuletwa, mpaka yote kumi na manne yakawa na mkono wa Mama Chujio.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka huu, zikaja habari mbaya. Kikao cha klabu kilikuwa kimependekeza mahema yote yatupwe na kununuliwa mapya. Viraka vimezidi, walisema wajumbe, na mtu hawezi kulala kilimani akiwa na wasiwasi kichwani. Mmoja wao alikumbusha kisa cha chujio, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kwa Mama Chujio hilo lilikuwa zaidi ya kukosa kazi, ingawa mahema yale yalikuwa karibu nusu ya kazi yake. Yakienda jalalani, yangekwenda na miaka minane ya kujisafisha. Mji ungesema tuliwaambia.

Akavaa kanga zake nzuri na kwenda kwenye kikao kilichofuata bila kualikwa. Wanaomfahamu wanasema hapendi kuongea mbele za watu. Siku ile alisimama, akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Nipeni mvua moja," aliwaambia. "Mvua ya kweli, si ya kopo. Kila kiraka kiwekewe kikombe kikavu chini yake. Kikombe kimoja kikipatikana na maji, mahema nitayakunja mimi mwenyewe na kuyapeleka jalalani kwa mkokoteni."

Mwalimu wa jiografia alikuwa wa kwanza kuinua mkono kukubali, na hakuna aliyejua kama alikubali kwa wema au kwa ubaya.

Viraka vilihesabiwa, vikawa sitini na vitatu. Vikombe vilitafutwa kila mahali: vya bati kutoka jikoni mwa shule, vya maua kutoka kwa majirani, na viwili vya seti ya harusi ambavyo mama mkwe alivitoa kabatini huku akionya kwamba vikivunjika asiulizwe chakula cha jioni. Mahema kumi na manne yakasimamishwa kwenye uwanja wa shule. Wakasubiri mawingu.

Mvua ilifika Jumamosi, saa tisa alasiri, na ilikuja na hasira. Mwanachama mmoja aliingia katika kila hema. Fundi mwenyewe alikatazwa kuingia popote, akasimama chini ya upenu wa darasa na mumewe. Mume anasema mkewe alimshika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuthubutu kumwambia.

Kwa muda wa saa mbili na robo mvua ikapiga bila kupumua. Ilipopungua, daktari wa meno alianza kupita nje ya kila hema na daftari lililofunikwa nailoni, wa ndani wakimtajia hali ya vikombe. Hema la kwanza, kavu. La pili, kavu. La tano, la nane, la kumi, vikombe vikavu. Watu waliokuwa wamejibanza madarasani wakaanza kutoka, na wengine wakawa wanahesabu kwa sauti.

Kwenye hema la kumi na moja, hesabu ikakatika. Lilikuwa hema la mwalimu wa jiografia. Katika kikombe kimoja kulikuwa na maji, kina cha ukucha.

Mama Chujio anasema hapo aliona yote kwa pamoja. Aliona mkokoteni, aliona jalala, alisikia kile kicheko cha ukumbini. Kisha akasikia mtu anasema, "Yafuate." Mpaka leo hajui kama ni mumewe aliyesema au ni yeye mwenyewe.

Akatoka upenuni, akaingia kwenye mvua iliyobaki, akasimama nje ya hema bila kuvuka mlango, kama walivyokubaliana.

"Mwalimu," aliita kwa adabu, "siingii. Lakini naomba upanguse kiraka kwa leso, kisha ukiguse kwa kidole. Halafu uyafuate maji kutoka kwenye kikombe kwenda juu."

Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Ndani, mwanamke aliyempa jina la aibu alikuwa peke yake na kikombe, na hakukuwa na macho mengine ya kuona atakachokikuta. Angeweza kusema lolote.

Mlango wa hema ukafunguka. Mwalimu akatoa kichwa, uso umemwiva.

"Kiraka ni kikavu," alisema. "Maji ni ya koti langu. Nililitundika kwenye nguzo likiwa limeloa, mkono wake unadondokea kwenye kikombe."

Akalitoa lile koti na kulinyanyua juu ili watu wote walione likichuruzika. Hapo ndipo uwanja ulipolipuka. Mume, ambaye ana magoti mabovu, alionekana akirukaruka kwenye tope. Mahema matatu yaliyobaki yalikuwa makavu kama unga.

Klabu haikununua kitu. Badala yake ilimkabidhi Mama Chujio kazi zake zote za matengenezo, na kumwomba awafundishe wanachama kuziba mahema yao. Darasa la kwanza lilikuwa na watu ishirini na sita. Mwalimu wa jiografia aliketi mstari wa mbele.

Siku hiyo mwalimu alisimama na kuomba radhi mbele ya wote, akapendekeza fundi apewe jina jingine, lenye heshima. Wengi waliitikia. Mwenyewe alikataa.

"Jina hili nimelilipia," anasema sasa, akicheka. "Mtu hatupi kitu alichokigharamia." Juu ya mlango wake kuna kibao kipya, herufi za bluu: MAMA CHUJIO, HEMA HALIVUJI.

Hema la asubuhi ya leo si la mteja. Limeshonwa kwa vipande vilivyobaki miaka yote hii, kijani, chungwa, bluu iliyopauka, kipande kutoka kila hema kati ya yale kumi na manne. Pale juu ya mlango, mahali pa heshima, kuna kile kiraka cha kwanza chenye matundu mia nne na kumi na sita. Kila tundu limezibwa.

Maana kuna jambo moja ambalo wateja wake hawalijui. Kilimani hajawahi kufika. Miaka tisa ameyatuma mahema juu kule na kuyapokea yakirudi, yeye akibaki chini na cherehani. Jumamosi hii anapanda. Mwalimu wa jiografia amejitolea kumbebea nguzo, na mume ameshajipaka dawa ya magoti tangu jana.

"Naomba mvua inyeshe," anasema, akilikunja hema lake taratibu. "Nataka nilale pale, niisikie inavyogonga, na nisiweke kikombe hata kimoja. Nigeuke tu upande wa pili niendelee kulala."

Mumewe anashuka kwenye kigoda, kopo tupu mkononi. Anataka kujua, kama vikombe havipandi kilimani, asubuhi chai watanywea nini.

Mama Chujio anasimama na hema lake kifuani, anawaza.

"Basi beba kimoja," anamwambia. "Cha chai tu."