Kumi Tulizojiandikia

Stroki, yaani kiharusi, ilinipata nikiwa nimesimama, nasuka. Mkono wa kulia ulilegea katikati ya kichwa cha mteja, nami nikakasirika kwanza, kwa sababu nilidhani nimechoka tu, na mimi sipendi mtu mvivu hata akiwa ni mimi mwenyewe. Saluni yetu iko Hurlingham, Nairobi, na wateja wa pale wakishakaa kwenye kiti hushika simu zao, hawajui kinachoendelea nyuma. Huyo alipogeuka, nilikuwa nimeketi sakafuni.

Sitakuchosha na habari za wodini. Miezi mitatu baadaye nilikuwa naenda Upper Hill kila Jumanne asubuhi, kwenye kikundi cha mazoezi cha watu waliopigwa na stroki. Tulikuwa wanane, meza moja ndefu. Tuliokota maharagwe moja moja, tukakamua sifongo, tukafunga vifungo vilivyoshonewa kwenye kitambaa. Msichana aliyetufundisha hakuwa daktari, lakini sisi tulimwita daktari, naye akachoka kutusahihisha.

Jirani yangu mezani alikuwa mzee mmoja seremala, mtu wa magharibi aliyehamia Kangemi zamani. Mkono wake ulikuwa umelala kuliko wangu. Hakuwa mtu wa maneno. Aliniuliza nimeamkaje, nikimjibu anatikisa kichwa, basi, imetosha hadi Jumanne ijayo. Nilimpenda bure tu.

Sasa lazima nikueleze jambo moja kutuhusu, la sivyo hutaelewa ujinga nilioufanya. Makanisani kwetu mtu hasemi anaumwa, anasema alikuwa anaumwa. Ukiulizwa habari ya mguu uliovunjika, unajibu umepona kwa jina la Yesu, na plasta bado iko mguuni. Kusema "siwezi" ni kujinenea mabaya, ni kumfungulia shetani mlango na kumvutia kiti. Nililelewa hivyo Ukambani, na nilipofika Nairobi nikaongezewa. Simcheki mtu. Imani hiyo imenivusha pabaya mara nyingi.

Jumanne moja daktari akatugawia fomu. Haikuuliza umefanya nini, iliuliza una uhakika kiasi gani kwamba unaweza. Kufunga shati. Kuchana nywele. Kurudi kazini. Ujipe alama, sufuri mpaka kumi. Nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto nikaandika kumi, kumi, kumi. Asubuhi hiyohiyo wifi yangu ndiye aliyenifunga sidiria, sote wawili tukiangalia ukuta.

Mzee hakuweza kuandika hata kwa kushoto, akanisogezea fomu yake.

"Shati?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Andika moja."

"Baba, usijinenee hivyo."

"Haya, mbili."

"Baba."

Aliutazama mkono wake pale mapajani. "Wewe umeandika ngapi?"

"Kumi."

"Na hawa wengine?"

Niliangalia meza yote, nikachungulia na fomu za watu, maana sina haya. "Wote kumi."

"Basi niandikie kumi," akasema, na nikamwandikia zote, kwa ule mwandiko mbovu wa kushoto. Nilijisikia vizuri sana. Nilijiona nimemwinua mtu.

Jumanne iliyofuata daktari aliingia akitabasamu. Alisema tumejiamini kupita alivyotarajia, na kwa kuwa foleni ya wagonjwa ni ndefu na wakubwa wake wanamsukuma, sisi tutaendelea na mazoezi nyumbani ili wengine wapate nafasi. Tukasema amina. Mtu wa kanisa amina humtoka kabla hajafikiri. Mzee pia alisema amina, akanipa mkono wa kushoto, akaenda zake.

Alhamisi nikaenda saluni, si mimi ni kumi? Walinishangilia. Nikapewa mteja wa kusukwa mistari sita tu, rahisi kabisa. Kitana kikaanguka. Mwenye saluni akakiokota, akanipa. Kikaanguka tena. Nikadanganya kwamba nimeacha gesi ikiwaka nyumbani, nikatoka mbio, nikaketi kwenye ngazi za lile jengo, nikalia kama nimefiwa.

Na kilichoniliza si mkono. Mkono nilikuwa nimeuzoea. Nilikuwa nawaza wale wenzangu saba, kila mmoja kumi yake, wanafunga mashati, wanapika, wanarudi kazini, na mimi peke yangu nimebaki na imani mbovu. Siku nne sikula chakula cha maana. Wifi akiniuliza naendeleaje namwambia Mungu ni mwema. Nilijikaza kisabuni mpaka nikaanza kuogopa mawazo yangu mwenyewe, na hilo sikuwahi kulisema kwa mtu hadi leo ninapoliandika.

Jumatatu nikaenda Upper Hill bila miadi. Nilimkuta daktari anapanga viti.

"Nilikudanganya," nikamwambia, na sikumwambia kwa upole. "Mimi si kumi. Na wewe nawe, unawauliza watu wa kanisa kama wanaweza, mbele ya wenzao, ulitaka tuseme nini?"

Hakunijibu kwa hasira, na hiyo ilinivunja nguvu. Alivuta viti viwili. Akasema aliuliza ili ajue aanzie wapi na kila mtu, na yeye pia alizipenda zile kumi kwa sababu zilimfanya aonekane amefanya kazi. Akanipa fomu nyingine, akageuza uso dirishani ili niandike nikiwa peke yangu. Kazini nikajiwekea sufuri. Kwenye shati nikaweka mbili.

"Mbili ni za nini?" akauliza alipoisoma.

"Vifungo viwili vya chini. Hivyo navifunga."

"Una hakika?"

"Nimevifunga leo. Hivi hapa."

Marehemu mama yangu alikuwa akisema mficha uchi hazai, nami nilidhani ni msemo wa wakunga. Ile mbili ilikuwa kitu cha kwanza tangu stroki nilichokiamini bila kujilazimisha. Ilikuwa ndogo, lakini nilipoiegemea haikuvunjika. Daktari akanirudisha kwenye orodha, na hapo ndipo nilipomkumbuka mzee.

Nikaeleza ni nani aliyeandika fomu yake. Daktari akasema anaweza kumwekea nafasi moja mpaka kesho asubuhi, kikundi kipya kikianza. Asipofika, inaenda kwa mtu aliye kwenye foleni. Nilipiga simu yake mara nne, haikushikwa. Nikapanda gari kwenda Kangemi.

Huko seremala hafichiki, ukiuliza sokoni unaonyeshwa. Mkewe alinifungulia mlango, na nilipojitambulisha akatoka nje kwanza, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Tangu Jumatano haongei," akaniambia kwa sauti ya chini. "Chakula anasukuma. Jumapili kanisani amekataa. Mama, mlimfanya nini huko?"

Nilimwomba anipitishe. Nikaingia. Mzee alikuwa ameketi pembeni mwa kochi, blanketi magotini, mchana wa jua kali. Nilimwamkia, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani na yote yakanitoroka.

"Baba, nimekuja kuomba msamaha. Ulisema moja, nikakuandikia kumi."

Aliisogeza blanketi kwa mkono wa kushoto.

"Si wewe," akasema. "Mdomo ni wangu." Kisha polepole, akitafuta kila neno: "Jumatano nilishika randa. Ikaanguka. Nikashika tena. Mara ya tatu nikaiacha hapo chini. Nikasema, wale saba Mungu amewasikia. Mimi amenipita."

"Baba, mimi ni mbili."

Akainua macho.

"Mbili za shati," nikasema. "Kazini ni sufuri. Alhamisi niliangusha kitana mara mbili, nikakimbia watu nikilia. Sidiria nafungwa na wifi yangu."

"Wewe?"

"Mimi huyu."

"Na yule mama wa kwaya pale mezani, aliyekuwa anatuombea?"

"Mkono wake siujui. Lakini nilimwona akimenyewa ndizi."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na nilipoanza kucheka naye nikaona machozi yanamshuka, hana mkono wa kuyafutia kwa sababu ule mzima alikuwa amenishika nao. Mkewe akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga.

"Ni nini?" akauliza.

Mzee alimwambia kwa lugha yao, kisha akanigeukia mimi mgeni, akarudia kwa Kiswahili: "Nimemwambia si mimi peke yangu."

Mkewe aliketi palepale sakafuni, akajifuta uso kwa mkono wenye unga. Kisha akaniuliza kesho tunatakiwa kufika saa ngapi.