Nusu ya Shamba la Mtoni

Harufu ya petroli iliyomwagikia udongo mbichi hunirudisha mtoni popote nilipo. Juzi nilikuwa kwenye kituo cha mafuta pale Mtito Andei, manyunyu yametoka kupita, kijana mmoja akamwaga matone machache alipokuwa akijaza mtungi wake. Mara nikawa mtoto tena, miguu peku ndani ya mfereji, nikisubiri maji yafike. Acheni niwasimulie nyinyi, maana nyumbani kwetu jambo hili halizungumzwi.

Kwetu ni mashambani, unapoacha lami ya Kambu na kuteremka hadi Mto Athi. Ukivuka mto unaanza kuelekea Ikutha. Baba yangu, Mutua, alirithi kwa babu kipande kirefu cha ardhi. Kilianzia juu kwenye mawe, tulikopanda ndengu na mbaazi na kuomba mvua, kikashuka mpaka ukingoni mwa mto. Sehemu ile ya chini ndiyo iliyokuwa na udongo mzuri, lakini ilikuwa kichaka cha miiba na makao ya nyoka. Baba hakuwa na nguvu ya kuifyeka peke yake, wala hakuwa na mashine ya kupandisha maji. Basi tuliishi tukiusikia mto ukipita huku mahindi yetu yakinyauka, kama mtu anayenusa pilau ya harusi asiyoalikwa.

Hassan naye alikuwa na shida ya kinyume. Alikuwa na pampu ila hakuwa na ardhi. Yeye na mkewe, Halima, walitoka upande wa Garissa, ambako walilima tikiti na vitunguu kando ya Tana hadi mafuriko yalipolisomba shamba lao. Alipokutana na Baba kwenye soko la mbuzi, alikuwa akifanya kibarua cha kupakia malori, na pampu yake imelala chini ya kitanda cha chumba cha kupanga.

Walikubaliana nyumbani kwetu, kwa chai, shemasi wa kanisa letu akiwa shahidi. Hassan angefyeka kichaka na kuchimba mifereji. Nusu ya juu ya sehemu hiyo ingekuwa yetu na nusu ya chini yao, na pampu moja ingenywesha pande zote mbili.

"Na hii ni mpaka lini?" shemasi akauliza.

Baba akacheka. "Mpaka tuchokane."

Wote wakacheka, wakapeana mikono. Sidhani kama kuna aliyeliwaza tena neno lile.

Kazi ya kufyeka ile miiba ilikuwa ya kuvunja mgongo. Hassan alirudi jioni mikono imechanika, mkewe akimtoa miiba kwa pini. Lakini siku maji yalipopanda kwa mara ya kwanza, yakaingia mferejini yakisukuma majani makavu na wadudu waliopigwa na butwaa, Baba alivua viatu akayakanyaga kama mtoto. Mimi na Sadia, binti yao wa rika langu, tulipewa kazi ya kufungua vitalu kwa jembe. Maji yakigusa kitalu cha mwisho tulipiga kelele, "Yamefika!" ili pampu izimwe.

Ile pampu tuliiita Bibi Kikohozi. Ilipogoma kuwaka, Baba aliiombea kwa jina la Yesu, Hassan akasema Bismillahi, kisha mmoja akavuta kamba. Ikiwaka, kila mmoja alimtazama mwenzake kama aliyeshinda kesi.

Mama alichelewa kuwazoea. Mwanzoni alituonya tusile kwa watu tusiowajua. Halafu asubuhi moja Halima alikuja na anjera, chapati laini za kwao, zilizofunikwa kwa kitambaa, bado za moto, na Mama, kwa kuona haya kurudisha sahani tupu, akampa muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Miaka kadhaa baadaye Halima alikiri kwamba ile muthokoi ya kwanza aliwapa kuku. Lakini kufikia hapo alikuwa akiipika mwenyewe, na Mama alikuwa hawezi kunywa chai isiyo na tangawizi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama alipenda kusema. Na tulipona kweli. Kiangazi kilipowafanya wengine wale mboga za kukausha, sisi tulikuwa na sukuma, nyanya na vitunguu, hadi wenzangu darasani wakalalamika kwamba ninanuka kitunguu.

Sifa za vitunguu vyetu zikafika Kambu, mabroka wa kununua mazao wakaanza kuteremka na malori. Zikafika pia Mombasa, kwa baba mdogo, Kilonzo, mdogo wake Baba, ambaye hakuwa ameshika jembe tangu atoke shule. Akarudi na pampu mpya inayong'aa.

"Kaka, watu wanakucheka huko sokoni," alimwambia Baba wakiwa mezani. "Umempa mgeni shamba la baba yetu, eti wewe mwenyewe unalima nusu kama kibarua."

"Tulikubaliana na Hassan," Baba akasema.

"Mlikubaliana mpaka lini?"

Baba akaendelea kula.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mto ukapungua hadi ukabaki madimbwi, na dimbwi lenye kina lilikuwa moja tu, mbele ya shamba letu. Kilonzo akatega pampu yake humo. Akaziba kwa udongo mfereji ulioteremka upande wa Hassan, akasema dimbwi halitoshi pampu mbili wala mashamba mawili.

Hassan alikuja nyumbani jua likianza kuchoma. Alikataa kiti. "Mzee Mutua," alisema, "nipe maji mpaka nivune tu. Vitunguu vimeanza kufunga vichwa. Nikishavuna nitaondoka mwenyewe, hata hutanifukuza."

"Maji hayatoshi," Kilonzo akajibu.

Hassan hakumtazama Kilonzo. Alikuwa akimtazama Baba. Nakumbuka Baba aliinua macho, akayazungusha uani, yakatua mlangoni pa jikoni aliposimama Mama na sufuria mkononi, kisha yakarudi chini. Kuku mmoja alikuwa akiparura vumbi.

"Basi mmechoka," Hassan akasema kwa upole, akaenda zake.

Kesho yake alfajiri Mama alichukua ndoo, nami nikabeba kidumu changu. Tuliteka maji dimbwini, tukapanda hadi kwenye vitalu vya Halima. Tulimkuta naye anabeba. Hakuna aliyesalimia. Walimwaga maji kitalu kwa kitalu, bega kwa bega, hadi jua lilipotufukuza. Tulifanya hivyo asubuhi nyingi. Kilonzo alituona akacheka. Baba alituona akageukia upande mwingine.

Lakini ndoo si mfereji. Majani yalianza kuungua nchani, yakalala. Walipovuna, vitunguu vilikuwa kama gololi.

Pikapu ilipokuja kuwabeba, mimi na Sadia tuliagana kama watoto watakaoonana Jumatatu. Halima alimshika Mama mikono yote miwili. "Mama Mwende, wewe ulisimama na mimi. Mungu akulipe." Mama alilia hadi akaketi chini. Nilidhani ni uchungu wa kuagana.

Nusu yetu ilizaa vizuri msimu ule. Msimu uliofuata Kilonzo na Baba wakagombana, Kilonzo akaondoka na pampu yake, na miiba ikaanza kuteremka tena kuelekea mtoni kana kwamba haikuwahi kung'olewa. Tulisikia Hassan amefungua kibanda cha chai Mtito Andei. Siku moja Baba alivaa koti lake la kanisani akaenda. Jioni alirudi, akamwambia Mama kwamba aliketi ng'ambo ya barabara, akamwona Hassan akiwapakulia madereva wa malori, akashindwa kuvuka. Hakwenda tena. Alifariki bila kumwambia neno, na nilipokuja kuwatafuta, nikaambiwa walishahama na hakuna aliyejua walikoelekea.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa na faraja moja. Katika nyumba yetu alikuwapo mtu mmoja aliyetenda haki. Niliwasimulia wanangu habari za nyanya yao na ndoo yake.

Mwaka jana tuliketi na Mama tukipepeta ndengu, nikamwambia jinsi wajukuu wanavyoipenda hadithi hiyo. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Mwende, usiwadanganye watoto," alisema.

"Nawadanganya vipi, Mama?"

"Siku ile Hassan alimsubiri baba yako aseme. Na baba yako alinisubiri mimi. Alinitazama, nami nikajua anachotaka. Alitaka mtu mmoja tu ndani ya boma hili amwambie, wape maji. Ningesema, angesema. Nilimwogopa shemeji, niliogopa wa kanisani wangesema nini, nikajiambia hayo ni maneno ya wanaume. Kesho yake nikabeba ndoo, kwa sababu ndoo ilikuwa nyepesi."

Akaendelea kupepeta. Makapi yalipeperuka yakanasa kwenye leso yake, wala hakuyakung'uta.

Nilipokuwa mtoto nilimwona mwanamke jasiri na mwanamume mwoga, nikakua nikimpenda mmoja na kumwonea mwingine aibu. Sasa nikiutazama ua ule nawaona watu wawili waliojua neno linalotakiwa, kila mmoja akimsubiri mwenzake alitamke, na wa tatu amesimama juani akiwasubiri wote wawili.